Chupa za Siku ya Kumi na Tano

Siku ya kumi na mbili Twaiba alisema tangi livunwe. Yeye ndiye mkaguzi wa dawa katika kiwanda kilicho nyuma ya mashamba ya miwa ya Ramisi, na ndani ya tangi lile mlikuwa na seli za mnyama zinazotengeneza protini ya sindano za saratani. Mamake, Bi Mbeyu, alikuwa akiingoja sindano hiyo wodini tangu Ramadhani. Seli zikizeeka hufa, zikifa hupasuka, na yaliyomo ndani yake huitafuna protini ile ile. Hata mahindi ukikawia kuyavuna, dumuzi anakutangulia. Alieleza hayo mara tatu, mpaka mate yakamkauka. Meneja wake, Faith, aliyetoka bara, akasema oda haijatimia, ingojwe siku ya kumi na tano. Sikio la kufa halisikii dawa.

Vipimo vikaonyesha protini imekatika vipande. Twaiba akakataa kutia sahihi. Faith akatia yake, na chupa mia mbili zikapelekwa hospitali.

Alhamisi adhuhuri zilirudi. Zilikuja zenyewe kwa barabara ya vumbi, moja nyuma ya nyingine, zikasimama mlangoni mwa maabara na kubisha hodi. Iddi, bawabu, akaitikia karibu, kwani hodi haiachwi bila jibu, na mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Faith alimgombeza kwa hilo tu. Angalinyamaza, alisema, zingalichoka zikarudi zilikotoka.

Twaiba akazifuta vumbi, akazipima tena. Mbovu, kama alivyosema. Jumatatu zikapelekwa, Jumanne zikarudi, na Iddi akaitikia karibu, maana adabu ya miaka hamsini haiachwi kwa amri ya ofisi. Faith akaagiza rafu ya kuzipokelea. “Wallahi, kazi hii inachosha,” Twaiba akasema.

Mara ya tatu zilirudi mia moja tisini na tisa.

“Unaona?” Faith akasema. “Moja imekubalika.”

Alasiri Bi Mbeyu alipiga simu. Twaiba akamwamkia shikamoo.

“Marahaba. Nimedungwa leo, mwanangu. Muuguzi kasema dawa imetoka kwenu, nikamwambia hiyo ni kazi ya mkono wa binti yangu.”

Akamuuliza mamake kama amekula. Alikuwa amekula muhogo wa nazi, akaumaliza. Uani, Iddi alikuwa akizipakia zile chupa nyingine garini.