Kipa Asiyeanguka

Jumatatu ile Bibi alipoitoa jezi ya mjukuu wake kwenye beseni, aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akairudisha bila kuitia sabuni. Udongo ulikuwepo, tena wa kutosha. Tatizo ni mahali ulipokaa.

Bibi alikuwa dobi. Miaka thelathini alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo nyuma ya barabara kubwa, na kwa miaka hiyo nguo zilimwambia mambo ambayo wenye nguo wasingeyasema hata kwa viboko. Mjukuu wake alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya sekondari, mwaka wake wa mwisho, na nyumba nzima ilimwita Kipa kana kwamba hakuzaliwa na jina. Sasa, kipa huanguka kwa ubavu. Udongo wake hukaa kwenye kiwiko, kwenye nyonga, kwenye bega, nao huzama ndani ya uzi mpaka uutoe kwa brashi. Huu ulikuwa kifuani, umetandazwa kwa kiganja, ukapukutika kwa kutikisa tu. Na jasho hakuna hata tone.

"Huyu hakuanguka," Bibi alijiambia. "Huyu kajipaka."

Akakumbuka kwamba wiki mbili zilizopita msichana alikuwa akijifulia jezi mwenyewe. Bibi alidhani ni ukubwa unaingia. Jumatatu hii alisahau, au alichoka kuficha.

Bibi aliamua kusubiri. Mtu ukimshtua mapema hujifunza kuficha vizuri zaidi. Jioni alimwita tu, wakachambua mboga pamoja.

"Mazoezi vipi leo?"

"Mazuri, Bibi. Tumepigishwa mashuti mpaka basi."

"Umedaka mangapi?"

"Mengi."

"Mengi ndiyo mangapi?"

"Bibi nawe. Nani anahesabu?"

Bibi akaacha kuchambua mboga. Mtoto huyu tangu anaanza kucheza alihesabu mpaka mipira iliyopita nje.

Na wiki hii haikuwa wiki ya kuchezea. Jumamosi kulikuwa na mechi, na watu wa chuo cha michezo wangekuja kutazama. Kocha alishasema Kipa akicheza, nafasi ya chuo anayo mkononi. Baba yake Kipa, mtoto wa Bibi, fundi wa injini gereji, alikuwa amemtangazia kila mtu kuanzia bosi mpaka mlinzi. Mama wa msichana, anayefanya kazi mji mwingine na kurudi mwisho wa mwezi, alikuwa ameomba ruhusa aje. Kama Kipa hachezi Jumamosi, nafasi imekwenda na maji.

Jumatano ikaja blauzi ya shule. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na vitundu vitatu, vidogo kama vya sindano ya gunia, kingo zake zimegeuka rangi ya chai. Mwingine angesema sigara. Bibi alivijua. Ovaroli za mwanawe zilijaa vitundu vya namna hiyo hiyo, kazi ya maji ya betri. Na pale gereji aliyeshinda na betri kutwa nzima ni mmoja: Chaji, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, hana mke, na meno yake yako nje muda wote.

"Kumbe," Bibi alisema. Usiku huo usingizi ulimpitia mbali.

Alhamisi mchana alibeba ovaroli zilizokwishapigwa pasi, akaenda gereji. Mwanawe alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Chaji alikuwa kwenye meza yake ya betri, anapuliza waya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaoa lini wewe?"

Chaji aliacha kupuliza. "Mama, hata hujakaa. Umeniletea mchumba?"

"Nimekuuliza."

"Nikimpata atakayevumilia harufu hii."

"Na jioni, saa kumi, unakuwaga wapi?"

"Hapa hapa. Muulize mwanao, haniachi hata nikapumue."

"Hapumui huyo," sauti ilitoka chini ya gari. "Anakoroma."

Chaji aliinama, akashusha sauti. "Mama, kama ni habari ya Kipa, mimi hata salamu yangu haitikii vizuri. Alikuja siku moja, wiki iliyopita. Akaniuliza maji ya betri yakimmwagikia mtu yanachoma kwa nini. Nikamwambia aoshe kwa maji mengi. Akasema hilo analijua, anataka kujua kwa nini. Nikamwambia mimi nachaji, sifundishi."

Bibi alimtazama machoni, kisha mikononi. Hakuona uongo, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Mtu anayeuliza habari za maji ya betri ama yamemmwagikia, ama anamtafutia mwenzake. Msichana wa miaka kumi na minane anaweza kuwa na ugomvi gani wa kufikia huko? Alimwachia Chaji ovaroli zote, akatoka bila kumuaga mwanawe, akashika njia ya shule.

Mlinzi wa geti alikuwa amekaa juu ya tairi.

"Nimekuja kumwona mjukuu wangu. Yule golikipa."

"Yule mrefu?"

"Wa kwangu mfupi."

"Aa," mlinzi alisema. "Yule wa zamani."

Maneno yale yalimwingia Bibi kama maji baridi mgongoni. Alitazama uwanjani. Wasichana walikuwa wanapiga mashuti kweli, vumbi limesimama, na golini alikuwa msichana mrefu kama ngazi, kiwiko kimejaa udongo mahali panapostahili.

"Wa zamani tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Wa kwako ukimtaka, zunguka kule nyuma penye tangi la maji. Anashindaga mle."

Nyuma ya tangi palikuwa na chumba kirefu chenye madirisha machafu. Bibi alijibanza, akachungulia. Alijiandaa kuona chochote. Aliona wanafunzi wanne, mwalimu wa kike mtu mzima aliyefunga miwani kwa kamba, na Kipa, mikono ya blauzi kaikunja, amesimama mbele ya bomba jembamba la kioo linalodondosha tone moja moja kwenye chupa. Msichana hakupumua. Tone, tone, tone, kisha maji ya chupa yakageuka rangi, naye akafunga haraka na kuandika.

Kipa alipotoka kwenda kuosha vyombo bombani, alimkuta Bibi amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Bibi."

"Nimekuja kuangalia mazoezi."

Kipa aliweka vyombo chini polepole.

"Udongo unajipaka wapi?" Bibi aliuliza.

"Nyuma ya choo."

"Kipa haangukii kifua tu. Ungeniuliza ningekuelekeza."

Msichana alitaka kucheka, akashindwa, akaanza kueleza. Vitundu vya blauzi ni asidi ya maabara, ile ile ya betri. Miaka miwili, kila siku ya maabara timu ilikuwa safarini. Wenzake walijifunza kwa mikono, yeye alinakili madaftari yao. Mtihani wa vitendo ulikuwa miezi miwili mbele, naye alikuwa hajawahi kushika hata kioo kimoja. Mwalimu wa kemia alikubali kuwafundisha waliobaki nyuma, lakini ana nafasi ya saa moja tu kwa siku, ile ile ya mazoezi. Kocha akamwambia achague.

"Nataka kusomea dawa, Bibi. Kuzitengeneza. Kocha kasema nikirudi kesho bado ananipanga Jumamosi. Na fomu ya chuo ninachotaka inarudishwa kesho hiyo hiyo, mzazi atie sahihi."

"Ulikuwa unampelekea baba yako lini?"

Kipa alilisogeza daftari la kwapani nyuma ya mgongo.

"Lete daftari," Bibi alisema.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulijaa sahihi ya baba yake, safu baada ya safu, zile za chini zimenyooka kuliko za juu.

"Hii ya mwisho inafanana," Bibi alisema. "Ichane. Leo jioni utamwambia kwa mdomo wako. Mimi nitakuwepo, lakini sikusemei."

Baba alirudi jua likiwa bado halijazama. Alisikiliza akiwa amesimama, anajifuta grisi kidole kimoja kimoja, mpaka msichana akamaliza.

"Huyo mwalimu anapata nini?"

"Hapati kitu, baba."

"Hakuna mtu asiyepata kitu." Alikaa. "Mimi nakuona hivi. Huyo mrefu kakupiku golini, ukatafuta pa kujificha."

Bibi aligeuka, akamtazama mjukuu wake. Wazo hilo halikumjia kabisa, na sasa limeingia halitoki. Uso wa msichana ulikuwa umewaka.

"Yule kaanza kukaa golini nilipotoka," Kipa alisema. "Muulize kocha."

"Nitamuuliza. Haya, mkemia. Betri ikiachwa muda mrefu inakufa kwa nini?"

"Zile sahani za ndani zinaota chumvi nyeupe. Ikikaa sana inakuwa ngumu, chaji haipenyi."

"Mbona tunaongeza maji matupu, hatuongezi asidi?"

"Kinachopotea ni maji. Asidi inabaki humo humo."

Baba alikuna shingo. "Leo nina gari la daktari mmoja. Betri nzima, alternata ya kuichaji nzima, nyaya nimezipitia zote. Asubuhi linawaka, mchana limekufa. Kwa nini?"

Kipa alitikisa kichwa. "Sijui."

"Kisia."

"Sikisii, baba. Ningepima kwanza. Sijui."

Baba aliweka kitambaa cha grisi mezani. Mafundi wangapi walipita mikononi mwake, wote wana jibu, na kila jibu lilikuwa na injini iliyokufa nyuma yake. Alimtazama mama yake, kisha binti.

"Hata mimi sijui," alisema. "Chaji ndiye anayejidai anajua. Ndiyo maana gari bado liko pale. Lete fomu."

Aliisoma mstari kwa mstari, kidole kinamwongoza, na mara mbili alirudi juu kuhakikisha hakuna alichokiruka. Kipa hakukaa.

"Gereji nitawaambia nini?"

"Waambie hachezi," Bibi alisema. "Watacheka siku mbili."

"Watacheka mwezi." Baba alitia sahihi, akapuliza wino. "Kesho asubuhi nakwenda naye shule nimwone huyo mwalimu. Siyo kwamba simwamini."

"Humwamini," Bibi alisema.

"Simwamini," alikubali, akamsukumia binti yake fomu kuvuka meza.