Wavu Uliozuiliwa kwa Kodi

Dorothée alisema kwa sauti ya kawaida, huku akichambua mchele, kwamba ule wavu mkuukuu wa nyuma ya nyumba amempa baba yake.

Siméon Wilondja alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini polepole.

"Wavu gani?"

"Kuna nyavu ngapi nyuma ya nyumba? Ule uliooza. Wake umepasuliwa na kiboko pale mdomoni pa mto Lukuga, akaja kuomba juzi. Wewe ulikuwa sokoni. Ningemwambia nini? Angoje mukwe wake arudi ndiyo apewe kitambaa cha kufutia miguu?"

"Hapana. Umefanya vizuri."

Alisema hivyo kwa sababu hakuna neno lingine mwanamume angeweza kusema. Kwao Wabembe, baba wa mke akiomba kitu hupewa, na akishapewa hakidaiwi tena. Anayemdai mukwe wavu, afadhali amrudishie na binti yake. Ndiyo desturi, na Siméon mwenyewe aliwahi kumcheka jirani aliyeivunja kwa ajili ya baiskeli.

Lakini katika ule wavu, kati ya risasi ndogo ndogo, yale madini mazito yanayouzamisha, tano hazikuwa risasi. Zilikuwa dhahabu, zimepakwa lami. Mfua vyuma mmoja wa Baraka, sasa ni marehemu, ndiye aliyeziyeyusha na kuzipa umbo lile. Baada yake alijua Siméon peke yake. Hata Dorothée hakuambiwa.

Mtu hafichi mali kwenye wavu uliooza kwa kupenda. Zamani, kabla serikali haijachukua mali za wageni, Siméon alinunua aksio sita, yaani hisa, za kampuni ya Mgiriki mmoja aliyekuwa anagandisha samaki karibu na bandari. Kila mwaka alipokea faida yake, si nyingi, lakini ilifika. Kisha kampuni ikapewa mkubwa mmoja aliyetoka mbali. Mkubwa akauza mashine, akauza mabati, akaondoka. Aksio zikabaki sandukuni, karatasi nzuri zenye picha ya meli. Siméon akarudi kuweka noti. Ikaja ile Noeli ya mwaka sabini na tisa, redio ikasema noti za tano na za kumi zimekufa, kila mtu azipeleke benki upesi. Alisimama kwenye foleni mpaka miguu ikavimba, na alichorudishiwa hakikufika hata nusu.

Tangu hapo hakuamini kitu chenye maandishi. Aliuza samaki wa chumvi kwa wachimbaji wa milima ya Fizi, nao wakamlipa unga wa dhahabu, unaopimwa kwenye mizani kwa vijiti vya kiberiti. Wakati ule ilikuwa marufuku. Baadaye sheria ikalegea, mtu akaweza kupeleka dhahabu yake kwenye kontwari, ofisi ya kununua dhahabu yenye ruhusa, kodi ikakatwa palepale, mambo yakaisha. Kodi yenyewe Siméon asingeiogopa, alikuwa amelipa kodi za kila namna maishani mwake. Aliogopa swali linalokuja pamoja nayo: imetoka wapi? Ilitoka kwenye milima wanayokaa waasi. Na tangu vita ya Moba, waasi walipouteka mji ule, askari walijaa hapa Kalemie kama siafu. Mbembe mwenye dhahabu ya Fizi angeulizwa kama anawalisha waasi, na asingeulizwa akiwa amekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo asubuhi yake alivuka Lukuga kwenda kumtazama baba mukwe bila kumwuliza kitu.

Mzee Bonaventure alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wake uliopinduliwa, anatafuna muhogo. Siméon akasimama mbali kidogo, kama heshima inavyotaka, akainama.

"Mwamuka, baba?"

"Tumeamuka. Watoto?"

"Wazima. Samaki wanapatikana?"

"Watapatikana na nini? Watu wa kodi walikuja alfajiri na askari. Kila wavu na kodi yake. Mimi sikuwa na kitu, wakauchukua wavu. Yule kijana wa kodi ananiambia nitarudishiwa nikilipa. Nikamwambia ajifunike nao yeye na bibi yake, unanuka vizuri."

Siméon akageuka. Alitazama ziwa ili uso wake usionekane.

"Nitaenda kuutoa," alisema.

"Ule? Kodi inapita bei yake. Wacha, nitaazima kwa jirani Célestin."

"Wavu umetoka kwangu, baba, nao haukuwa umelipiwa kodi. Aibu ni yangu."

Mzee akatema nyuzi za muhogo.

"Basi twende wote. Nataka kumwona tena yule kijana."

Siméon hakutaka aende. Lakini atamkatazaje?

Nyavu zilizozuiliwa zilirundikwa kwenye ua wa ofisi ya kodi, chini ya bendera. Juu ya rundo ameketi askari, bunduki imeegeshwa ukutani, kisu mkononi. Alikuwa anakata risasi za nyavu moja moja na kuzitupa kwenye kopo la maziwa ya unga. Risasi ina soko. Angeziyeyusha jioni na kumuuzia fundi. Siméon alipoona kile kisu alijikwaa, akajifanya amekanyaga jiwe.

Wavu wake ulikuwa wa tatu kutoka juu.

Wakala wa kodi aliitwa Ngoy, kijana wa Kabalo mwenye abakosti, ile suti ya kiserikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Mezani alikuwa na muhuri na sahani ya karanga.

"Sitoayen, mwananchi, unataka nini?"

"Nimekuja kulipia wavu. Ule wenye kamba ya bluu."

Ngoy akataja bei. Ilikuwa bei ya matusi. Siméon akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akaziweka mezani zote.

Hapo alikosea, akajua amekosea hata kabla noti hazijatulia. Ngoy aliacha kutafuna. Kalemie nzima, tangu watu waanze kulipa kodi, hakuna aliyelipa bei ya kwanza. Mtu hulia, hutaja mke mgonjwa, hutaja shule ya watoto, hupunguziwa, hulia tena. Anayelipa kimya ana haraka, na mwenye haraka ana sababu.

"Sitoayen," Ngoy alisema polepole, "wavu ule una nini?"

"Hauna kitu."

"Ninauona hauna kitu. Njo sababu nakuuliza."

Siméon akazisukuma noti mbele kidogo. Nje alisikia kisu: kata, dondosha. Kata, dondosha.

"Unamulipa?" Mzee Bonaventure alikuwa mlangoni, kofia mkononi, macho yamemtoka. "Huyu mutoto anaitisha bei ya ngombe, na wewe unamulipa? Mufupa! Anakuuzia mufupa kwa bei ya ngombe!"

"Papa, kaa nje," Ngoy alisema.

"Sikai nje. Wavu njo wangu, huyu njo mukwe wangu, alinipa. Anaona haya mbele yangu, wewe unakula haya yake kama karanga zako. Mama yako anajua unafanya kazi gani?"

Ngoy akamtazama mzee, kisha akamtazama Siméon aliyeinamisha kichwa, miguu imebanana, jasho likidondoka puani. Uso wake ukabadilika. Akaanza kucheka.

"Ah. Njo baba mukwe huyu?"

"Ndiyo," Siméon akasema.

"Pole, mukubwa wangu. Mimi wangu anakaa Nyunzu. Akija, nalipa hata hewa anayovuta." Akarudisha nusu ya noti, akachovya kalamu. "Lakini kitansi, hii risiti ya kodi, naandika kwa jina la mwenye wavu. Papa, jina lako? La kanisa hapana, la ukoo."

"Asukulu."

Akaandika Asukulu, akapiga muhuri.

Walipofika uani, askari alikuwa amekwisha kuuvuta ule wavu magotini pake. Alikuwa amekata risasi mbili au tatu za ukingoni. Siméon aliona vidole vyake vikishika kipande cheusi cha lami, kikubwa kuliko vingine kidogo tu. Kisu kikapita. Askari akakitupa koponi bila kukitazama, kikaanguka kwa sauti nzito.

"Toa mukono," mzee alisema, akimpungia kitansi usoni. "Umelipiwa huu. Na risasi zake zimelipiwa."

"Mzee, utakufa na midomo yako."

"Nitakufa nayo, lakini lete."

Ngoy alipiga kelele dirishani kwamba waachiwe, huyo ni baba mukwe. Askari akausukuma wavu kwa buti. Siméon akauokota, akauweka begani, wakatoka. Hakugeuka nyuma. Alitembea akingoja kuitwa.

Nyuma ya ukuta wa stesheni ya gari la moshi, mahali pasipo watu, alishindwa kuendelea. Akauweka wavu chini, akapiga magoti mbele ya baba wa mke wake, akamwambia yote. Risasi tano. Lami. Fizi. Na moja ambayo sasa iko koponi mwa askari.

Mzee Bonaventure hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Mimi nililala na wavu huu ndani ya mutumbwi," alisema. "Askari walipokuja alfajiri nikawatukana. Wangekata moja wakaona, wangenipiga risasi palepale kwenye mchanga, mimi nisiyejua neno. Na wewe ungekuja matangani na kilo ya sukari."

"Sikujua kama utapewa, baba."

"Ulijua nini? Unamuficha mpaka muke wako. Sasa niambie. Askari akiyeyusha ile risasi jioni, itakuwaje?"

Siméon alikuwa amekwisha kuiwaza tangu uani. Ndicho kilichompigisha magoti. Risasi huyeyuka juu ya jiko la mkaa. Dhahabu haiyeyuki kwa moto mdogo hivyo. Itabaki chini ya kopo, lami imeungua, inang'aa. Askari atauliza ilitoka kwenye wavu gani. Na nakala ya kitansi iliyobaki ofisini ina jina moja, Asukulu.

"Watakuja kwako," alisema.

"Watakuja kwangu."

Ng'ombe mmoja alivuka reli, akasimama, akaendelea.

"Ziko ngapi hapa?"

"Nne."

"Zikate."

Siméon akazikata. Zilikuwa nzito mkononi kupita ukubwa wake, na kwa mara ya kwanza hakuona raha kuzishika. Mzee akanyoosha kidole upande wa mjini, ilipo kontwari.

"Utamupelekea yule mama anayenunua dhahabu. Utasema zilikuwa tano, moja ikapotea leo kwenye ua wa kodi. Utasema jina lako, si langu. Ulipe kodi yake, upewe karatasi. Wakija kwangu, nitawaambia mwenye ile dhahabu njo huyu, muulizeni. Unasikia?"

"Wataniuliza zilitoka wapi."

"Njo hapo utasema."

"Baba, watanifunga."

"Wanaweza. Lakini mutu aliyelipa kodi asubuhi na mutu aliyekamatwa jioni hawapigwi fimbo sawa. Nenda. Mimi nangoja mulangoni. Ukirudi bila kuingia, leo binti yangu analala kwangu."

Mama Hélène, mnunuzi wa kontwari, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikwangua lami kwa wembe, akadondosha tone la dawa, akatazama, akaweka vipande kwenye mizani kimoja kimoja. Hapa hapakuwa na vijiti vya kiberiti.

"Jina?"

Siméon alisikia lake likitoka, dogo, kama la mtu mwingine. "Wilondja."

"Imetoka wapi?"

Njiani alikuwa ameandaa uongo wa namna tatu. Pete za bibi. Meno ya babu. Deni la Mwarabu wa Ujiji. Aliona kivuli cha mzee kwenye kizingiti.

"Fizi. Niliuza samaki ya chumvi, kabla ya vita. Zilikuwa tano. Moja imekatwa leo kwenye wavu, iko kwa askari kwenye ua wa kodi."

Mama Hélène akavua miwani. Akafuta lenzi kwa kitenge, akaivaa tena.

"Wote wananiletea meno ya babu," alisema. "Kumbe babu zenu walikuwa na vinywa kama sanduku." Hakucheka. "Naandika hivyo hivyo ulivyosema. Siku nikiulizwa, nitawaonyesha. Unafahamu?"

"Nafahamu."

Akakata kodi, akamwonyesha ilivyokatwa, akamhesabia noti zilizobaki. "Hizi usizilaze sana. Bei inapanda kila wiki. Nunua injini, nunua mabati, nunua kitu."

Siméon alitoka na karatasi ndani ya shati na noti ndani ya kofia. Mzee Bonaventure alisoma karatasi nzima, ingawa ilikuwa ya Kifaransa, akaikunja, akamrudishia. Kisha akaokota wavu wake na kushuka kuelekea Lukuga bila kuaga.

Nyumbani Siméon alimketisha Dorothée, akamwambia. Alidhani atapiga kelele. Dorothée alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Ile ya tano," alisema. "Huyo askari anayeyusha saa ngapi?"

"Jioni, nadhani."

Dorothée akasimama. Jua lilikuwa bado juu ya paa za mtaa wa Kataki, na watoto wa jirani walikuwa wanacheza uwanjani. Akawaita watoto wake waingie ndani, akafunga mlango, akatia komeo.