Askari wa Nyuma

Hakuwa na cheti cha chuo, hakuwa na mke, hakuwa na meno mawili ya mbele, wala hakuwa na mtu wa kumshika mkono serikalini. Lakini kilichomkosesha raha mchoraji yule ni kwamba hakuwa na picha hata moja ya mdogo wake. Kitinda, kama walivyomwita nyumbani, aliuawa vitani, kwenye daraja, na mwili haukurudi. Kaburi hakuna, picha hakuna. Mama yao, ambaye macho yalishaanza kuingia ukungu, alikuwa akisema, "Sura ya mwanangu inanitoroka."

Ndipo mchoraji akapewa na wizara kazi ya kumchora Jemadari akiongoza vita vya daraja lile lile. Alikuwa amesoma vitabu vya sanaa hadi kurasa zikalegea. Alijua kuwa tangu enzi za kale mfalme huchorwa mkubwa kama mlima na askari wake kama sisimizi, na kwamba si wote waliochorwa juu ya farasi walikuwapo vitani. Jemadari naye, siku ya daraja, alikuwa ofisini mwake. Mchoraji akachora farasi hivyo hivyo. Mtumikie kafiri upate mradi wako.

Kazi ilipofika katikati, Katibu wa wizara alimletea karatasi yenye mstari mmoja: "Askari wa nyuma watolewe vizuri."

Moyo ukamruka kwa furaha. Picha ikionekana vyema, si husemwa imetoka vizuri? Basi akawatoa. Wiki tatu alichora nyuso nane, kila uso na hofu yake, na wa nane ukawa wa Kitinda: sikio lililopinda, nyusi zilizokutana. Akamleta mama karakana. Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa turubai.

"Huyu hapa," akasema. "Mbona amekonda hivi? Walikuwa hawamlishi?"

"Ni mwanga tu, mama."

"Mwanga gani huo wa kukondesha mtu!" Akacheka, kisha akalia bila sauti.

Kesho yake akaja Katibu.

"Fundi, hawa ni akina nani?"

"Askari wa nyuma, mheshimiwa. Nimewatoa kama mlivyoagiza."

"Uwatoe, yaani uwaondoe! Ubaki moshi mtupu!"

"Mimi nilielewa watolewe waonekane."

"Wewe na Kiswahili chako! Jemadari amekuwa kama mpita njia kwenye vita vyake mwenyewe. Futa. Usipofuta, kibali chako cha kuchora kimekwisha, na mengine utayasikia mahakamani."

Saba aliwafuta. Kila mmoja alimwomba radhi kimoyomoyo, maana naye alikuwa na mama mahali. Alipofika kwa wa nane, mkono ukagoma. Akarudi nyumbani, akajaribu kumchora upya kwenye kipande cha mbao. Siku mbili alihangaika, akapata kijana mzuri tu. Mama akaishika mbao ile, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu mtoto wa nani?" akauliza.

Mchoraji akarudi karakana, akachovya brashi kwenye rangi ya moshi. Akajiambia ni rangi tu. Akajiambia mama haoni vizuri, hatajua. Hilo la pili likamwaibisha hata akaiweka brashi chini. Akaketi, akaandika:

"Mheshimiwa Katibu, askari saba nimewaondoa. Wa nane ni mdogo wangu, aliyekuwa darajani siku ambayo Jemadari hakuwapo. Mimi simfuti. Mkitaka afutwe, tafuteni mchoraji mwingine. Kibali changu nimekitia humu."

Aliisoma barua, akasahihisha mkato mmoja, akaikunja na kuitia katika bahasha pamoja na kibali. Akailamba bahasha kwa ulimi mkavu, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Tarishi wa wizara alikuwa akipita mlangoni na mkoba wake begani. Akamwita, akampa.