Dumu la Mwaka Jana

Hapa kisiwani Leyte kimbunga hakibishi hodi, kwa hiyo maji yangu ya kunywa siyafanyii mchezo. Madumu manane nimeyaosha kwa sabuni, nikayasuuza, nikayajaza na kuyafunga kwa nguvu, kisha nikayapanga gizani chini ya ngazi. Kila moja nimeliandika tarehe. Likipita miezi sita, namwaga, najaza upya.

Asubuhi redio ilipotangaza kuwa kimbunga kitatufikia Jumapili, mume wangu Teroy alipanda kulifunga paa kwa kamba, nami nikaanza kuyakagua madumu. Moja lilikuwa na tarehe ya mwaka jana, na mwandiko haukuwa wangu. Nikalibeba hadi kwenye hori la nguruwe.

"Mama! Usimwage hilo!" Teroy akapiga kelele toka juu.

"Limepita miezi sita, mzee. Unataka tuharishe?"

"Hilo likikaa ndiyo linazidi utamu!"

Nikafungua kifuniko. Tembo la mnazi, jekundu kwa magome ya mkoko tunayolitia lisigeuke siki! Na huyu ndiye aliyemwapia padri kwamba ameacha!

Nilicheka hadi nikakaa chini. Teroy akashuka, kichwa ameinamisha.

"Dumu lililotiwa tembo halitiwi tena maji ya kunywa, hata ulisugue vipi," nikamwambia. "Umeshaniharibia. Haya, lichukue, liwe lako."

Akalikumbatia kama mtoto mchanga. Kisha akajikuna shingo, akanitazama kwa upole.

"Basi, Mama, na lile la nyuma kabisa. Na jirani yake."