Walinzi wa Maharagwe

Wanaume wa kijiji cha Burungu, Masisi, hawakupenda sinema za mapenzi. Walisema hivyo wenyewe, kwa sauti, hata asiyeuliza asikie. Ilikuwa mwaka wa sitini na tisa, na kila Jumamosi mchana Athanasie, mwalimu wa shule ya wasichana, aliziba madirisha ya ukumbi wa parokia kwa magunia, akatundika shuka nyeupe katikati, akawaonyesha akina mama filamu iliyoletwa kutoka Goma kwa lori la Papa Henri, mfanyabiashara wa Butembo. Filamu zilisema Kifaransa. Athanasie alisimama kando ya shuka akigeuza kila neno kuwa Kiswahili, na akina mama waliotoka kupalilia mihogo walicheka mpaka watoto wakaamka mgongoni.

Nyuma ya shuka yaliwekwa maharagwe ya ushirika. Filamu ilipoanza tu, wanaume waliingia kwa mlango wa nyuma kuyalinda. Tangu maharagwe yapandwe Masisi, hayajapata kulindwa hivyo. Walinzi walikuja na vigoda vyao. Jumamosi moja, mshonaji wa kwenye filamu alipomfukuza daktari aliyempenda, Athanasie alisikia mtu akipenga kamasi kule nyuma. Alipouliza, Papa Théophile alimjibu kwamba ni vumbi la magunia.

Papa Théophile ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la parokia. Kesho yake, baada ya misa, alisimama mbele ya watu wote akataka sinema zikomeshwe. Alieleza kwa uchungu jinsi nyumba zilivyoharibika: mke wake mwenyewe alikuwa amemwomba amsalimu kwanza kabla ya kudai chakula. Mashine ya sinema ionyeshe chanjo ya ng'ombe, basi. Mwanaume mwenye akili, alisema, hawezi kutazama upuuzi ule hata dakika moja.

Athanasie aliinuka. Jumamosi mchana ndiyo saa pekee ambayo akina mama wale walikaa bila kuagizwa kitu, na ndipo mahali pekee ulimi wake ulipopata kazi kubwa kuliko kuita majina darasani. Akaomba aisimulie filamu ya jana, baraza lipime lenyewe kama ina ubaya. Akasimulia ugomvi, barua iliyopotea, pikipiki iliyoanguka, hadi daktari alipofika kanisani, mkono wa kushoto umefungwa bendeji.

"Wa kuume," alisema Papa Théophile.

Athanasie akarudia kwamba ni wa kushoto. Akina mama wote wakaitikia.

"Hapana, binti. Mukono wa kuume njo ulivunjika. Alimushika yule dada na wa kushoto, akalia. Usiharibu mambo ya watu."

Athanasie alimtazama, kisha akakumbuka upande ambao walinzi huweka vigoda vyao. Kwa upole mwingi akauliza ni nani mwingine aliyeona bendeji mkono wa kuume. Mikono mitano ya wanaume ikapanda mara moja, wa Papa Henri ukiwa juu kuliko yote, maana ukweli lazima utetewe.

"Asante, wapapa," alisema. "Mwenye kukaa mbele ya shuka anaona kushoto. Anayeona kuume ni mwenye kukaa nyuma, picha inakogeuka, filamu nzima, mpaka kanisani."

Mikono ilishuka polepole. Akina mama walicheka kuliko walivyocheka jana. Alipoitisha kura, Papa Théophile hakupata hata mmoja wa kumuunga mkono, na mkono wake mwenyewe haukufika mbali.

Papa Henri akamwita Athanasie pembeni. Sinema ziendelee, alisema, lakini muzee ameaibika. Dada amuombe msamaha tu, neno dogo, yaishe.

"Jumamosi tunaanza saa nane," alijibu Athanasie, kwa sauti iliyomfikia Papa Théophile. "Muzee alete kigoda chake mbele, aone mikono vizuri. Nitamupa nafasi. Musamaha, siombi."