Duka Lililoboreshwa

Jumatatu saa moja asubuhi Eugenia alifika dukani kwake, mtaa wa Kwa Mathias, akakuta mlango umehamia nyuma, unatazamana na choo cha Recho muuza chapati. Akazunguka, akaruka karo, akafungua. Kompyuta ilikuwa imejiwasha yenyewe. Kwenye kioo iliandikwa: Tumeliboresha duka lako.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa nne, mfumo wa kompyuta ulipojisasisha, dirisha lilitoweka. Mwezi wa sita ikaota rafu ya soda ambazo hakuna aliyeziagiza, na kila alipoing'oa, asubuhi aliikuta tena, imeongezeka futi moja. Wateja walizoea. Mtu akija kutoa kopi alibisha hodi ukutani, akaelekezwa mlango wa wiki hiyo uko wapi. Eugenia ndiye hakuzoea, na tuseme ukweli, nani angezoea? Duka lile alilijenga tofali kwa tofali, miaka yote ya ujane wake, na sasa analiingia kwa kunyata kupitia chooni kama kibaka.

Akamwita Zubeir, fundi wa kompyuta.

"Ulikubali mwenyewe, mama," Zubeir akasema, akimwonyesha maandishi madogo yasiyo na mwisho. "Ulibonyeza Nakubali."

"Kulikuwa na Nakubali na Baadaye. Nakataa haikuwepo."

Zubeir akakiri kwamba haikuwepo. Akamwambia upo mfumo mwingine, wa bure, unaoandikwa na watu wa kila nchi, na yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ndani. Eugenia akamjibu kwamba rahisi ni ghali, amwache kwanza amalize kazi za watu.

Alhamisi mchana akaja Bi Biasha, mkulima kutoka Marui, na daftari lenye majina mia mbili na kumi na nne. Ekari sita ambazo kijiji kilizitenga kwa zahanati zilikuwa zinapewa mchimba kokoto. Pingamizi lilitakiwa lifike ofisi ya ardhi, Kisarawe, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na ofisi haikupokea karatasi peke yake. Ilitaka na faili kwenye flashi.

"Shikamoo, mama," Eugenia akasema.

"Marahaba, mwanangu. Andika. Mjukuu wangu alizaliwa njiani tukiifuata hospitali, akafia hukohuko njiani. Jina la kwanza ni la mama yake, Maua."

Eugenia alikuwa amefika jina la mia moja na themanini mfumo ulipotangaza kwamba unajizima ili uboreshe. Ukahesabu kumi. Ukuta wa nyuma ukajiziba taratibu, na safari hii mlango haukutokea upande wowote. Wakakaa ndani tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Recho akawapitishia chapati kwenye upenyo kati ya ukuta na bati, akauliza kama wanataka na chai. Kompyuta ilipowaka, majina hayakuwepo, na rafu ya soda ilikuwa imefika darini.

Eugenia alikasirika.

"Recho, niitie Zubeir. Mwambie aje na flashi ya ule mfumo wake wa bure."

Flashi ikarushwa kupitia upenyo uleule. Eugenia akaichomeka, mashine ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta kila kitu. Alikuwa na hakika. Rafu ikaanguka, dirisha likarudi, na mlango ukarudi mbele, unaangalia barabara ya Morogoro, ila hauna bawaba.

"Bawaba utaweka mwenyewe," Zubeir akasema kutoka nje. "Mfumo huu haukufanyii usichouomba."

Printa nayo iligoma, Zubeir akaibembeleza nusu saa nzima. Eugenia akapigilia bawaba, kisha wakaanza upya, Biasha akisoma, jina kwa jina, mpaka yote yakatimia.

Ijumaa saa tano, karani wa ofisi, Didas, alishuka kwa ngazi kuwapokea Eugenia na Bi Biasha, maana mlango wa ofisi ulikuwa umehamia juu ya bati tangu Jumanne. Akapanda na flashi, akarudi nayo.

"Majina yamesogea, mama zangu. Faili halikutengenezwa kwa mfumo wetu. Siwezi kulipokea."

"Karatasi hii hapa, na alama za dole gumba za watu," Bi Biasha akasema.

"Naziona. Lakini tumeagizwa mfumo ni huu wetu tu."

Alikuwa mtu mpole. Akawaelekeza steshenari mbili za karibu, lakini zote mbili siku hiyo hazikuwa na mlango. Saa sita ikapita.

Eugenia alirudi dukani, akaandika neno moja juu ya majina yale, HATUONDOKI, akalituma faili ofisini kwa barua pepe. Didas alipolifungua, majina yalisogea mpaka yakatoka nje ya ukurasa. Neno halikusogea. Akalifunga faili, neno likabaki kwenye kioo, na kufikia Jumatatu lilikuwa kwenye kompyuta zote za ofisi. Mfumo ulijisasisha mara mbili kuliondoa, ukaishia kuondoa ngazi. Makarani wakazoea kuandika barua zao pembeni mwa neno hilo. Kibali cha mchimba kokoto kilitoka nalo katikati, chini ya muhuri. Mchimba akakikunja, akaenda nacho.

Lori la kwanza liliingia Marui Jumatano. Lilimkuta Bi Biasha na watu mia mbili na kumi na tatu wakipanda mihogo katika zile ekari sita, na hakuna aliyeinua kichwa.