Wakunga Sitini na Tisa

Nyumbani walimwita Presha, na wala hawakumwonea. Mtu gani anaamka alfajiri, hajanawa uso, anakimbilia simu kuangalia kama kuna mkunga aliyejaza fomu? Presha huyo. Na wiki nzima jibu lilikuwa lile lile: saba. Katika hao saba, wawili walikuwa yeye mwenyewe akijaribu kama fomu inafanya kazi, na mmoja alikuwa shangazi yake, ambaye ni mshonaji.

Mkutano ulikuwa wa wakunga wa hospitali na zahanati zote za wilaya, wa kwanza kadiri mtu yeyote anavyokumbuka. Waliobuni jambo hilo walikuwa wakunga watatu, na wote watatu walikuwa na zamu. Waliposikia kwamba Presha anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha, na kwamba aliwahi kuwa na blogu ya ushonaji, wakamtwisha mzigo mzima. Mwenyekiti wao alimwambia yeye ndiye anayejua mambo ya mtandao, akampigapiga begani, akarudi zake wodini. Basi Presha akafungua blogu. Akaweka ratiba, akaweka picha ya ukumbi mkubwa na viti vyake mia na ishirini, akaeleza njia ya kutoka kituo cha mabasi hatua kwa hatua, na chini kabisa akaweka ile fomu: jina, kituo cha kazi, namba ya simu, na kitufe cha kijani kilichoandikwa *Nitahudhuria*.

Watu walisoma, hilo hana la kulalamika. Aliposimulia habari za msemaji mkuu na kuweka picha yake ya zamani, wasomaji walipita mia nane. Maoni yalimiminika. "Tuko pamoja." "Hongera sana dada zetu." "Huyu mama ndiye aliyenizalisha mapacha wangu, Mungu ampe maisha marefu." Lakini kitufe cha kijani hakuna aliyekigusa tena, utadhani kina moto.

Na msemaji mkuu mwenyewe alikuwa mama yake mzazi. Hapo ndipo roho ilipokuwa inamdunda. Mama alikuwa ametumikia wodi ile ile miaka thelathini na nne, akastaafu miezi miwili iliyopita. Siku ya mwisho walizaliwa watoto tisa, kila mtu mbio, hata wa kumwambia kwaheri hakupatikana. Akatoka kwa mlango wa nyuma na kandambili zake ndani ya mfuko. Alipofika nyumbani alisema tu kwamba amechoka, akaomba chai. Presha aliiona ile sura yake na hakuisahau. Sasa angesimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na binti yake, kwa blogu yake mwenyewe, angemsimamisha mbele ya viti vitupu.

Ndiyo maana alidanganya. Jumapili jioni Mama alikuwa mezani na daftari lake, anaandika hotuba, anatabasamu peke yake, anafuta, anaandika tena. Akauliza bila kuinua kichwa wamejiandikisha wangapi. Presha akasema sitini na tisa. Kwa nini sitini na tisa? Hajui mpaka leo. Ilimtoka tu, na ilipotoka haikurudishika. Mama aliinua kichwa, akamtazama.

"Sitini na tisa? Wameandika kabisa majina yao?"

"Kabisa, Mama. Na namba za simu."

Mama akafunga daftari, akasema sawa, akaenda kulala mapema.

Tangu hapo nyumba ikawa haina raha. Mama chakula akawa anakidonoa tu. Mara yuko dirishani, mara kwa jirani yao mwalimu mstaafu, anarudi na makaratasi ameyakumbatia. Ukimuuliza kuna nini, anasema hakuna. Presha akajua ameshtukiwa. Alikuwa anakaa kazini, wateja wamepanga foleni wanataka nakala za vyeti, na yeye anafungua blogu kwa siri chini ya meza. Saba. Akaandika kumbusho. Akaandika kumbusho la pili, akalibandika kichwa cha habari "Nafasi Zinakwisha," uongo mwingine huo, mchana kweupe. Jumanne mkunga mmoja wa zahanati ya mbali akajaza fomu, na Presha nusura aruke juu ya mashine. Haikupita saa moja yule mama akapiga simu, sauti ya chini kama anaiba. "Binti yangu, nimebonyeza kwa bahati mbaya. Nitoe humo, tafadhali. Nitoe sasa hivi." Presha akamtoa. Akampigia Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema watakuja tu, nyuma yake kuna mtu analia kwa uchungu, simu ikakatika. Watakuja tu. Maneno gani hayo ya kumwambia mtu mwenye roho mkononi?

Jumatano saa sita mchana ndiyo ilikuwa mwisho wa kuthibitisha ukumbi. Msimamizi wa ukumbi alikuwa mtu wa kistaarabu lakini hana masihara. Alisema watu wa bima wanautaka ukumbi mkubwa Jumamosi hiyo hiyo ya mkutano. Kama wakunga wanafika themanini, ni wao, kama hawafiki, kuna chumba cha pembeni cha viti ishirini na tano. Presha akasimama mbele ya meza yake, akafungua blogu mara ya mwisho. Saba. Akafikiria viti mia na ishirini, na mama yake amesimama mbele yavyo na daftari. Chumba kidogo hata watu kumi wanakijaza kidogo, si aibu sana. Akasema watachukua cha pembeni. Akabadilisha tangazo kwenye blogu akiwa bado amesimama pale pale. Alijiona amemwokoa mama yake.

Jumamosi saa mbili asubuhi wakaanza kuingia. Wawili, wanne, kisha wengi kwa pamoja. Wengine walikuwa wametoka zamu ya usiku moja kwa moja, macho mekundu, sare nyeupe chini ya sweta. Mmoja alikuwa bado na gambuti za wodini. Saa mbili na nusu viti vilikuwa vimekwisha. Saa tatu kasoro walikuwa wamesimama ukutani, wamejaza korido mpaka kwenye ngazi, na kule ukumbi mkubwa watu wa bima kama thelathini wamekaa wametawanyika, wanajinyoosha. Presha alihesabu mpaka mia na arobaini, akaacha. Alitaka ardhi ipasuke. Akamshika mkono Mwenyekiti, akamuuliza kwa nini hawakujiandikisha.

Mwenyekiti akamshangaa. "Mkunga akiandika kwamba Jumamosi atakuwa mahali fulani, siku hiyo wanakuja wajawazito watano kwa mpigo na mwenzake anaugua. Hatuahidi siku, mwanetu. Tunanyamaza, tukipata upenyo tunakuja. Mama yako hakukwambia?"

Presha akageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, gauni limepigwa pasi, makaratasi ya mwalimu mstaafu mkononi. Alikuwa anaangalia korido ile ya sare na macho mekundu, midomo imemlegea.

"Wewe uliniambia wamejiandikisha."

"Nilikudanganya, Mama. Walikuwa saba. Niliogopa usije ukaumia."

Mama hakumgombeza, na hilo lilimchoma zaidi. Alisema aliposikia watu sitini na tisa wameandika majina yao alijua hao si wakunga. Ni madaktari, ni maafisa, ni watu wenye kazi za kuweza kuahidi siku. Wiki nzima hakupata usingizi akiwafikiria. Ile hotuba yake aliyoiandika kwa wenzake aliona watamcheka, akaichana, akamwomba mwalimu amwandikie ya kiofisi.

"Nimeichana vipande vipande," alisema. "Na hawa hapa ndio wenyewe."

Presha akajibana ukutani. Akampisha apite.

Walimpigia makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Presha alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja koridoni, kwa sababu mahali pengine hapakuwa na nafasi. Mama akafungua karatasi, akaanza: waheshimiwa wageni waalikwa, kwa uzoefu na ujasiri wa miongo mitatu. Akafika hapo, akakwama. Akaigeuza karatasi kana kwamba upande wa pili kuna kitu. Presha akajisemea nimemuua mama yangu, nimemuua mbele ya watu. Mama akaiweka karatasi chini.

"Nilikuwa naogopa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikufika hata katikati ya chumba. "Miaka thelathini na nne. Kila nikivaa glavu, nilikuwa naogopa. Sikuwahi kumwambia mtu, hata nyumbani."

Presha, ambaye maisha yake yote aliamini mama yake hajui hofu ni kitu gani, alisimama pale mlangoni akimkodolea macho. Ndani hakuna aliyesogea. Nje kwenye korido watu walikuwa wanasukumana taratibu, hawasikii kitu, na yule mama mwenye gambuti akamvuta mkono wa gauni.

"Binti, amesema nini?"

Akawageukia. Walikuwa wengi, wote wanamtazama yeye.

"Amesema alikuwa anaogopa," Presha akasema. Akajikaza, akapaza sauti ili wa kwenye ngazi nao wasikie. "Kila siku. Amesema kila siku alikuwa anaogopa."

Yule mwenye gambuti akainamisha kichwa. Kisha akageuka, akamwambia wa nyuma yake, naye wa nyuma yake akamwambia mwingine, neno likaenda hivyo mpaka chini kabisa kwenye ngazi.